Jinsi ya kuielewa safari ya seli shina mpaka kwenye bandama, kwa bandama la mbuzi na kisu cha jikoni

Nimekaa maabara miaka mingi, na swali ninaloulizwa sana na wazazi wenye watoto wa sikoseli (ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) ni hili, hivi bandama ni la nini hasa, maana daktari anasema mtoto hana bandama, ultrasaundi inasema limesinyaa, bibi nyumbani anasema limevimba, sasa tumsikilize nani. Wanafunzi nao, wale wa kidato cha tano na sita na wa vyuo vya afya, wanakariri kwamba seli shina za damu ndo zinazaa seli za kinga, wanachora mti wenye matawi, mtihani ukiisha na mti umeisha. Nataka nikuelekeze namna ya kulijua jambo hili kwa macho na mikono yako, hapo hapo nyumbani, ili ukimaliza uelewe kwa nini mtoto wa sikoseli akipata homa saa nne usiku hatungoji kupambazuke. Hiyo ndo sababu yangu ya kuandika, mengine yote ni njia ya kufika hapo.

Vitu vya kutafuta ni vichache. Bandama moja la mbuzi au kondoo (la ng'ombe pia linafaa, ila ni refu kama ulimi na ni kubwa, utabaki nalo), mfupa wa supu uliopasuliwa, kisu kikali, sahani nyeupe, bakuli la maji baridi, karatasi na penseli, na glavu kama zipo. Nenda buchani asubuhi umwambie muuzaji unataka bandama bichi la leo, wengi wanalitoa pamoja na mapupu na utumbo kwa hiyo wala sio kitu cha kutafuta sana.

Ila kabla ya kulikata, sikia hili. Nunua nyama iliyogongwa muhuri wa mkaguzi tu, na ukikuta bandama limevimba kuliko kawaida, jeusi tii, laini linamwagika kama uji mzito, usiliguse, usilikate, mwite bwana mifugo. Mnyama aliyekufa kwa kimeta bandama lake ndo linakuwa hivyo, na kimeta kinaua watu. Wakaguzi wa nyama hawaliangalii bandama kwa bahati mbaya, kile kiungo kinachuja damu yote kwa hiyo ugonjwa wa damu unajionyesha pale mapema.

Anza na mfupa, sio bandama

Watu wengi wanarukia bandama moja kwa moja halafu wanachanganyikiwa. Anza kule seli zenyewe zinakotoka. Chukua ule mfupa wa supu uangalie ndani. Katikati ya mfupa mrefu wa ng'ombe mkubwa utaona uloto wa njano, huo ni mafuta, ndo ule tunaounyonya kwenye supu. Sasa angalia kwenye ncha ya mfupa, pale penye vitundu vitundu kama sponji, au chukua kipande cha ubavu au cha uti wa mgongo ukivunje, utaona uloto mwekundu. Huo mwekundu ndo shamba. Na kwa binadamu mtu mzima ni vivyo hivyo, uloto mwekundu uko kwenye nyonga, mfupa wa kifua, mbavu na pingili za mgongo, ndo maana daktari akitaka kuchukua uloto anachoma sindano nyongani.

Humo ndo zinakaa seli shina za damu. Ni chache mno ukilinganisha na zile zinazozizunguka, lakini zina jambo moja ambalo nyingine hazina, seli shina ikigawanyika inaweza kubaki mama vilevile na wakati huohuo ikatoa mtoto anayekwenda kuwa kitu kingine. Mama hamaliziki. Kutokana na hizo chache uloto wako unatoa chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, sasa hivi unaposoma, na bado kuna seli za kinga na chembe sahani za kugandisha damu.

Kwenye karatasi yako andika SELI SHINA juu, halafu chora njia mbili tu, usichore mti mzima. Ukoo wa kwanza unatoa chembe nyekundu, chembe sahani, na walaji, yaani zile seli zinazomeza vijidudu na takataka. Ukoo wa pili ni wa limfu, huko wanatoka seli B ambao kazi yao ni kutengeneza antibodi, yaani protini za kunasa vijidudu, na seli T, na wale wauaji wa asili, seli zinazoua seli zilizoharibika. Seli T wanaondoka uloto wakiwa wachanga kabisa wanakwenda kulelewa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Seli B wanalelewa humohumo kwenye uloto mpaka kila mmoja anaota kipokezi chake cha kwanza juu ya ngozi yake, kipokezi hicho ni antibodi ya aina ya IgM iliyokaa kama mkono ulionyooshwa, na kila seli ina mkono wa umbo lake, hazifanani. Hapo seli B inatoka kwenye uloto kuingia kwenye damu.

Na inatoka ikiwa mbichi! Hapa ndo vitabu vingi vya shule vinapapita haraka, mwanafunzi anabaki anafikiri seli B ikitoka kwenye mfupa imeshamaliza masomo. Haijamaliza. Inakwenda kumalizia kwenye bandama.

Sasa kata bandama

Liweke kwenye sahani nyeupe. La mbuzi ni bapa, lina kama pembe tatu, rangi ya zambarau iliyoiva. La kwako wewe liko upande wa kushoto, nyuma ya mbavu ya 9 mpaka ya 11, lina ukubwa wa kama ngumi yako na uzito wa gramu 150 hivi kwa mtu mzima, na kwa mtu mzima mwenye afya huwezi kulishika kwa mkono kwa sababu mbavu zimelifunika.

Kata kwa mpigo mmoja wa kisu kikali, usisugue sugue kama unakata mkate maana utaparuza. Geuza upande uliokatwa utazame juu, dondoshea maji baridi kidogo, pangusa kwa kitambaa taratibu, halafu peleka sahani dirishani kwenye mwanga wa jua. Utaona vitu vitatu. Kwanza nyama nyekundu iliyokolea, laini, ambayo ukikwangua kwa mgongo wa kisu inatoka kama matope. Pili nyuzi nyeupe ngumu zinazopita huku na huku, hizo ni nguzo za kushikilia nyumba isianguke, zinapitisha mishipa. Tatu, na hii ndo tumeijia, vidoa vidogo vya kijivu cheupe vimetawanyika kama punje za mtama kwenye udongo mwekundu. Usichanganye na nyuzi, uzi ukiuvuta kwa ncha ya kisu unavutika, kidoa hakivutiki, kimekaa tu pale.

Mtaliano Marcello Malpighi aliviandika vidoa hivyo mwaka 1666, na hakujua ni vya nini. Kila kidoa ni kambi ya seli B na seli T. Nikimwonyesha mwanafunzi hivyo vidoa kwa mara ya kwanza huwa nanyamaza, namwacha aangalie, kwa sababu miaka yote amekuwa akisikia kinga ya mwili, kinga ya mwili, na leo kinga imekaa kwenye sahani anaihesabu kwa kidole.

Sasa kama unataka kuona zaidi, chukua kipande kingine ukikamue kamue ndani ya bakuli la maji, badilisha maji mara tatu nne. Nyekundu yote itatoka na utabaki na wavu mweupe wa nyuzi. Ndo utajua kwamba bandama ni sponji, damu haipiti tu kwenye mabomba, inamwagwa ndani ya sponji halafu inatafuta njia ya kurudi kwenye mshipa kupitia vipenyo vyembamba sana. Chembe nyekundu changa inajikunja inapenya. Chembe iliyozeeka, ile inayokaribia siku zake 120, imekakamaa, inakwama, mlaji anaimeza na madini ya chuma yanarudishwa uloto yatumike tena.

Fuata seli moja kwa penseli

Rudi kwenye karatasi. Chora duara dogo, huo ni mshipa mdogo wa ateri umekatwa. Uzungushie rangi, hao ni seli T wamejivika kwenye mshipa kama shati. Pembeni yake bandika kibonge, hicho ni kijiji cha seli B. Halafu zungushia vyote ukingo, kama ua wa makuti, hapo tupaite mpakani. Nje ya mpaka paka nyekundu, hiyo ni sponji. Karatasi hii ndo kidoa kimoja cha kwenye sahani yako, kimekuzwa.

Sasa ile seli B mbichi imefika na damu, inamwagwa pale karibu na mpaka. Kinachofuata ni mtihani. Mkono wake uliotoka nao uloto, je unashika vitu vya mwili wenyewe? Ukishika kwa nguvu, seli inakufa pale pale, kwa sababu ikiachwa ikakua itakuja kuupiga mwili wake. Zinazopona zinagombania ishara ya kuishi, protini inayoitwa BAFF, na haiwatoshi wote. Kwenye panya imepimwa, kati ya seli B changa zinazozaliwa kwenye uloto ni kama moja katika kumi tu inayofika bandamani, na zinazoingia kwenye kundi la waliokomaa ni chache zaidi ya hapo. Kazi yote hii inachukua siku chache tu, halafu seli inachagua njia.

Njia ya kwanza inaingia kijijini, kwenye kibonge. Hao ndo wengi. Wanazunguka mwilini, kwenye tezi za limfu na kurudi, na wakikutana na kijidudu wanahitaji kusaidiwa na seli T, wanakaa kwenye kijiji wananoa antibodi zao kwa wiki kadhaa mpaka zinashika barabara. Baadhi yao wakishamaliza wanarudi kwenye uloto, kule kule walikozaliwa, wanakaa miaka mingi wakitoa antibodi taratibu, ndo maana chanjo ya utotoni bado inakulinda ukiwa mtu mzima.

Njia ya pili ni ya mpakani. Hizi ni seli B zilizopata ishara nyingine, inaitwa Notch2, na zinakaa pale ukingoni ambapo damu inamwagwa. Hawa hawangoji ruhusa ya seli T. Kijidudu kikipita kwenye damu wanakishika na wanamwaga IgM upesi sana, na kitu wanachokijua kuliko wote ni sukari. Yaani kuna bakteria wanaojivika koti la sukari, koti linateleza, mlaji akimshika anaponyoka. Nyumokokasi yuko hivyo, huyu anayeleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Antibodi za seli za mpakani zikilipaka lile koti, mlaji anapata pa kushika.

Iweke alama nyekundu hapo mpakani kwenye mchoro wako, tutarudi.

Kuna kitu lazima nikiseme kwa sababu naona watu wanakichanganya. Seli shina yenyewe, ile mama, kwa mtu mzima mwenye afya kazi yake iko kwenye uloto na sio kwenye bandama. Bandama linapokea watoto walioanza safari. Lakini mtoto akiwa tumboni bandama lake linatengeneza damu kwa muda, ingawa ini ndo linabeba kazi kubwa, na panya yeye anaendelea kutengeneza damu kwenye bandama maisha yake yote. Hata mtu mzima, uloto wake ukiharibika au ukizidiwa, kama kwenye thalasemia (ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu) au uloto ukigeuka makovu, seli shina zinahama na bandama linarudi kazi yake ya zamani na linavimba sana.

Na bila bandama la panya tusingezijua hizi seli shina mapema vile. Pale Toronto, Kanada, wanasayansi James Till na Ernest McCulloch walikuwa wanawapiga panya mionzi mpaka uloto wao unakufa, halafu wanawadunga uloto wa panya wazima waone ni kiasi gani kinatosha kuwaokoa. Jumapili moja McCulloch akaingia kazini kuwachunguza panya wa siku ya kumi, akaona mabandama yao yana vinundu. Akavihesabu, na hesabu ya vinundu ikaendana na idadi ya seli walizodungwa, kama kinundu kimoja kwa kila seli 10,000. Wakachapisha mwaka 1961, na baadaye wakaonyesha kwamba kila kinundu kimetokana na seli moja tu, na ndani ya kinundu kimoja kuna chembe nyekundu, kuna walaji, kuna mama wa chembe sahani. Upandikizaji wa uloto unaofanyika leo, hata huu wa watoto wa sikoseli unaofanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, unasimama juu ya kazi kama ile.

Rudi mpakani sasa, na mtoto wa sikoseli

Mtoto mdogo chini ya miaka 2, hata awe mzima kabisa, seli zake za mpakani hazijakomaa. Ndo maana chanjo iliyotengenezwa kwa sukari tupu ya lile koti la bakteria haimshiki vizuri, na ndo maana chanjo ya nyumokokasi tunayowapa watoto sukari yake imefungwa kwenye protini, ili zile seli za kijijini zenye msaada wa seli T zifanye kazi ambayo mpakani bado hawaiwezi. Kenya waliianza 2011, Tanzania mwanzoni mwa 2013, na hapa kwetu inachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mzazi usiruke hata moja.

Sasa chukua mtoto wa sikoseli. Chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni zinajikunja kama mundu, zinakakamaa, na badala ya kuishi siku 120 zinaishi kama 10 mpaka 20. Kumbuka sponji yako na vile vipenyo. Chembe zinakwama hapo, damu inasimama, oksijeni inapungua, zinajikunja zaidi, sehemu za bandama zinakufa kidogo kidogo, makovu yanajaa. Hii inaanza mapema mno, hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja bandama linaweza kuwa limeshaanza kushindwa kuchuja, na wengi wakifika miaka 5 limebaki kovu. Kwa hiyo bibi hakukosea aliposema limevimba na ultrasaundi haikukosea iliposema limesinyaa, ni mtoto mmoja kwa nyakati mbili tofauti, linavimba kwanza halafu linasinyaa. Na hata likiwa limevimba, linaweza kuwa halifanyi kazi.

Sisi maabara tunaliona jambo hilo kwenye slaidi. Unapaka tone la damu, unatia rangi, unaweka tone la mafuta, unashusha lensi ya 100, na ndani ya chembe nyekundu unakuta kidoa kimoja cha duara, cha zambarau, kimekaa pembeni kama mbegu. Ni kipande cha kiini ambacho chembe ilipaswa kuondolewa ikipita bandamani. Kwa mtu mwenye bandama zima hukikuti. Ukikikuta kwa mtoto wa mwaka na nusu, unajua bila kumwona kwamba huko ndani hakuna anayesafisha, na kama hakuna anayesafisha basi na mpakani pamebaki patupu. Mimi nikikiona nakiandika kwenye majibu kwa herufi kubwa, na kama mama yuko nje kwenye benchi natoka namwambia mwenyewe.

Namna ya kulipapasa bandama la mtoto

Hili kila mzazi wa mtoto wa sikoseli alijue kama anavyojua kumvalisha nepi. Daktari Graham Serjeant na wenzake kule Jamaika waliwafundisha wazazi kupapasa bandama nyumbani, na vifo vya watoto ambao bandama linafunga damu ghafla vikashuka sana. Hakuna mashine, ni vidole.

Mlaze chali, magoti yamekunjwa kidogo ili tumbo lilegee, asiwe ametoka kula wala analia. Kaa upande wake wa kulia. Pasha mkono wako joto kwanza, mkono wa baridi unamfanya akaze tumbo. Laza vidole bapa, usivisimamishe kama unachokonoa, anzia chini karibu na kitovu upande wa kulia, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto. Usianzie mbavuni, maana bandama likiwa kubwa utakuwa umeshalipita juu yake na hutausikia ukingo. Kila anapovuta pumzi tulia, acha bandama lishuke likugonge vidole, ni ukingo mgumu kidogo, laini juu, kama ncha ya ulimi umeukaza. Usikandamize kwa nguvu hata siku moja.

Ukilisikia, pima kwa vidole kutoka ukingo wa mbavu mpaka linapoishia. Fanya hivyo kila siku mtoto akiwa mzima, ili uijue kawaida yake. Kuna bibi mmoja alikuwa anakuja na mjukuu wake, alikuwa na uzi mwekundu ametoa kwenye mkeka, amefunga fundo pale bandama lilipokuwa linaishia. Siku moja kaingia, nimemwamkia shikamoo bibi, hakuitikia kwanza, kaushusha uzi mezani akasema, "Mwanangu, jana lilikuwa hapa kwenye fundo, leo limefika kitovuni, na mtoto kiganja kimekuwa cheupe." Hakusema kingine. HB, yaani kiwango cha damu, ilikuwa imeshuka karibu nusu, mtoto akaongezewa damu ndani ya saa hiyo, na akapona. Ule uzi ulitusaidia kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Alichokuwa nacho yule mtoto ni damu kufungiwa bandamani, inawapata zaidi kati ya miezi 6 na miaka 5. Dalili ni hizo hizo, bandama kubwa ghafla, viganja na midomo na ulimi vimepauka, mtoto amelegea, anahema haraka, ana kiu, wakati mwingine tumbo limejaa upande wa kushoto. Ukiona hivyo ni hospitali, na ukifika pale mapokezi usiseme mtoto anaumwa tumbo, sema mtoto ni sikoseli na bandama limekua tangu jana. Na ndugu zangu, tafadhali, wapo wanaowapeleka watoto wakachanjwe chale juu ya bandama, au wachomwe kwa kitu cha moto. Chale hazilipunguzi bandama, zinafungua mlango wa bakteria kwa mtoto ambaye hana wa kumlinda mlangoni.

Homa

Sasa tumefika nilikotaka tufike. Mtoto ambaye mpakani pake patupu, nyumokokasi akiingia kwenye damu hakuna anayempaka koti lake, anazaliana, na kutoka homa ya kawaida mpaka mtoto kuzimia inaweza kuwa saa chache tu. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa 2009, walipoangalia watoto wa sikoseli waliolazwa wakiwa na bakteria kwenye damu, nyumokokasi ndo aliyeongoza. Kwa hiyo nunua kipimajoto, kikae nyumbani, na kikisoma 38 au zaidi toka, nenda, iwe saa nne usiku iwe alfajiri. Mpe dawa ya kushusha homa ukitaka, lakini homa ikishuka usirudi kitandani, safari iko palepale, maana dawa imeshusha joto na haijamgusa bakteria. Na usiridhike ukiambiwa ni malaria tu, kipimo cha malaria kikiwa na mistari miwili bado mtoto huyu anaweza kuwa na bakteria pia, omba kwa adabu wamwangalie na hilo.

Cha kila siku ni penisilini ya kunywa. Mwaka 1986 Marekani walichapisha jaribio la watoto wa sikoseli wa chini ya miaka 3, waliopewa penisilini mara mbili kwa siku maambukizi ya nyumokokasi yalipungua kwa 84%, wakasimamisha jaribio kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Dozi inayotumika sana ni miligramu 125 asubuhi na jioni mpaka miaka 3, halafu 250 mpaka miaka 5, daktari wako ndo atakuandikia ya mtoto wako. Shida yake ni kwamba mtoto anaonekana mzima, mzazi anaona dawa ya nini. Dawa ni badala ya wale askari wa mpakani, na wao hawakuwa wanakwenda likizo. Mimi nawashauri wazazi waifunge na kitu ambacho hakisahauliki, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na chupa isikauke kabla hujaenda kuchukua nyingine. Chandarua kila usiku, vidonge vya foliki kama ulivyoandikiwa, na muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kunywa ya sikoseli, majaribio ya hapa hapa Afrika yaliyohusisha Kilifi (Kenya), Mbale (Uganda), Kinshasa (Kongo) na Luanda (Angola) yalitoka 2019 na watoto waliotumia walipata maumivu machache, malaria pungufu na vifo pungufu.

Na wewe mtu mzima uliyetolewa bandama baada ya ajali ya bodaboda, hii inakuhusu pia. Uloto wako unaendelea kutoa seli B kama kawaida, za kijijini zinapata pa kwenda kwenye tezi za limfu, ila mpakani kama pale pa bandama huna tena. Ulizia chanjo tatu, ya nyumokokasi, ya meningokokasi na ya hemofilasi, wote ni bakteria wenye koti la sukari; kama upasuaji ni wa kupangwa zichomwe angalau wiki 2 kabla, kama ulikuwa wa dharura basi kuanzia wiki 2 baada. Ukiumwa na mbwa usiseme ni mkwaruzo tu, nenda siku hiyohiyo. Malaria kwako ni kali zaidi. Na andika kadi ndogo uiweke nyuma ya kava la simu au kwenye pochi pamoja na kitambulisho, maneno machache tu: SINA BANDAMA, NIKIWA NA HOMA NIPEWE ANTIBAYOTIKI HARAKA. Ya mtoto ishonee ndani ya mfuko wa begi la shule, na mwalimu wake wa darasa amsomee mwalimu mwenzake siku ambayo yeye hayupo.